Hesabu ya Makanisa Katika Bonde la Kilombero

Swali la makanisa mangapi yanaitosha jamii moja hudhaniwa kuwa ni swali jepesi. Watu huhesabiwa, mabenchi hupimwa, namba moja hugawanywa kwa nyingine, na jibu hupatikana kabla wino haujakauka. Katika nchi ambayo watu wake hukaa mahali pamoja mwaka mzima, hesabu hiyo pengine haikosi sana. Lakini liko bonde katika Mkoa wa Morogoro ambalo huikosesha hesabu hiyo kila mwaka, na mtu mmoja aliyelijua kosa lake kwa uchungu alikuwa katekista wa kigango kidogo upande wa magharibi wa Ifakara. Watu walimwita Mwalimu, kama makatekista wote waitwavyo, na jina hilo latosha hapa.

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto uliolipa jina hupita katikati yake, ukienda kukutana na Luwegu ili mito hiyo miwili iwe Rufiji. Masika inapokomaa mto hutoka katika kingo zake, na mbuga ambayo mtu aliivuka kwa baiskeli mwezi wa Oktoba haivukiki tena ila kwa mtumbwi na pondo. Maji hayo ni rafiki na adui kwa pamoja. Huvunja njia na kuzaa mbu, lakini ndiyo yanayolisha mpunga, na mpunga ndio unaolisha watu. Mwaka 2002 mbuga hiyo, yenye eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, iliandikwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar.

Mpunga haukubali kulimwa na mtu aliye mbali. Shamba pengine liko mwendo wa saa tatu au nne kutoka kijijini, na mwenye kulima hawezi kwenda na kurudi kila siku. Basi mnamo Desemba au Januari jamaa hufunga nyumba zao, hubeba sufuria, mbegu, kuku na watoto, wakahamia dunguni. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake miti na fito, paa lake nyasi. Humo watu hulala juu ya maji na kuamia ndege mchana kutwa, mpaka mavuno ya Juni au Julai yawaruhusu kurudi. Kwa nusu ya mwaka kijiji huwa ni mahali pa wazee, wagonjwa na milango iliyofungwa.

Mwalimu alikuwa na daftari lenye jalada jeusi ambalo ndani yake aliandika jina la kila mtu wa kigango, jamaa kwa jamaa na jumuiya kwa jumuiya. Padre alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote ibada ya Neno iliongozwa na Mwalimu mwenyewe. Mwezi wa Agosti kanisa lake la matofali lilifurika, watu wakasimama nje ya madirisha, na akina mama wakatandika khanga chini ya mwembe. Mwezi wa Februari katika kanisa lile lile waliketi watu kumi na mmoja. Aliyeliona Agosti angesema ni dogo mno, na aliyeliona Februari angesema ni kubwa kupita kiasi. Wote wawili wangekuwa wakweli kwa macho yao, na wote wawili wangekosea.

Halmashauri ya kigango ilikuwa imegawanyika juu ya jambo hilo kwa miaka mitatu. Kundi moja lilitaka kanisa lirefushwe, maana magunia ya mpunga yaliyotolewa sadaka yalikuwa yameuzwa kwa bei njema na fedha ilikuwapo. Kundi la pili, la vijana waliojenga karibu na reli, lilitaka kanisa la pili huko kwao, kwa kuwa wao sasa walikuwa wengi na njia ya kwenda kanisa la zamani ilikuwa ndefu. Walikuwapo na wengine waliosema kwa sauti ya chini kwamba lile la zamani lingefaa kufungwa na bati zake kuhamishiwa relini. Aliyepinga neno hilo kwa ukali kuliko wote alikuwa bibi mmoja kizee, ambaye mume wake na watoto wake wawili walizikwa nyuma ya kanisa lile. Mwalimu aliwasikiliza wote, wala hakuwa na neno la kuwapa.

Ugomvi huo haukuwa mpya katika nchi ile. Kila mara watu wa bonde walipohama, walikuwa wanaacha kanisa nyuma na kulitaka lingine mbele. Wabenediktini Wajerumani walijenga misheni yao Kwiro, katika milima ya Mahenge, mwanzoni mwa karne ya 20, mahali penye hewa njema na mbali na homa ya bondeni. Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 iliacha njaa na vijiji vitupu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi waliishika kazi. Polepole uzito wa mambo ulishuka kutoka milimani kuja Ifakara, penye kivuko, soko na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Jimbo la Mahenge lilipozaliwa mwaka 1964 kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam, makao yalikuwa bado juu mlimani. Mwaka 2012 Jimbo la Ifakara lilizaliwa kutoka Mahenge, na bonde likapata askofu wake. Yaliyokuwa yametokea katika maisha ya watu kwa miaka mingi yaliandikwa katika karatasi siku hiyo.

Katikati ya tarehe hizo ziko nyingine zisizo za kanisa, lakini zilizobadili makanisa kuliko barua za maaskofu. Kiwanda cha sukari karibu na Kidatu kiliwavuta vibarua tangu miaka ya 1960. Reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilipita bondeni pote, na kila stesheni ikawa mbegu ya soko. Katika miaka ile ile ya 1970 watu waliokaa mbalimbali walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Baadaye wafugaji wa Kisukuma walishuka na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa, wakaleta na desturi zao za ibada walizolelewa nazo kwao. Mwishoni mwa 2012 serikali ikaendesha operesheni ya kuiondoa mifugo mbugani, na wengi wakahama tena. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384. Na mahali pa kivuko, ambapo abiria walikuwa wakingoja saa nyingi na kununua samaki na chai, magari yakaacha kusimama. Sensa ya 2002 ilikuta watu 321,611 katika Wilaya ya Kilombero. Ile ya 2012 ikakuta 407,880. Sensa huonyesha kwamba watu wameongezeka. Haionyeshi kwamba mtu mmoja aweza kuwa na makao mawili, na kwamba aweza kukosekana katika yote mawili.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililompata Mwalimu. Alikuwapo mzee mjane katika kigango chake, mtu mpole aliyelima shamba dogo ng'ambo ya kijito. Watoto wake walikuwa wamekwenda mjini. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Mwezi wa Aprili wazee waliobaki kijijini hawakumwona kanisani, na hawakushangaa, kwa sababu walijua yuko shambani pamoja na wenziwe. Wenziwe wa mashamba ya jirani hawakuona moshi wa jiko lake, nao hawakushangaa, kwa sababu walidhani maji yamemrudisha kijijini. Kila upande ulimhesabu kuwa ni wa upande wa pili. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri katika daftari jeusi.

Wavuvi watatu Waislamu ndio waliomkuta dunguni, amekwisha kufa. Walimchukua katika mtumbwi mpaka kwenye kichuguu cha nchi kavu, wakamfunika kwa nguo safi, wakamchimbia kaburi. Siku ya tatu mkubwa wao alifika kwa Mwalimu, akavua kofia, akaketi barazani.

“Mwalimu,” akasema, “mzee wenu tumemsitiri. Sala zenu hatuzijui, nasi hatukuthubutu kuzibuni. Tulingoja mtu wa kwenu hata jua likachwa, na maji hayakutupa nafasi ya kungoja zaidi.”

“Ahsante, ndugu yangu,” Mwalimu akajibu. “Mmefanya lililokuwa letu kufanya.”

Mvuvi yule hakuondoka upesi. Alisema kwamba hata wao hutaabika na jambo lile lile. Neno lake lilikuwa na elimu ndani yake, maana wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki huyafuata, walilifikiri swali hili tangu zamani. Kwao sala ya Ijumaa hutaka wanaume arobaini, na arobaini hao sharti wawe wakazi, wasioondoka mahali pao wakati wa baridi wala wa joto ila kwa haja. Hali kadhalika walipendelea mji mmoja uwe na Ijumaa moja, isipokuwa watu wakiwa wengi mno au njia ikiwa ya taabu. Sheria hiyo haikuanza kwa kuuliza jengo lina upana gani. Iliuliza nani wapo, na kama watakuwapo tena. “Masika yakija,” alisema mvuvi, “sisi hatutimii arobaini. Twasali adhuhuri, kisha twaulizana: fulani yu wapi?”

Maneno hayo ya mwisho yalibaki na Mwalimu mwezi mzima.

Yafaa hapa kusimama kidogo juu ya neno lenyewe. Kanisa limekuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Kiarabu kililipokea kutoka Kiaramu, lugha ambayo asili ya neno hilo ndani yake ni kukusanya. Msikiti ni mahali pa kusujudu. Kanisa, kwa asili ya jina, ni mkusanyiko. Matumizi ya siku hizi yamelifanya neno hilo kuwa la ukuta na bati kwanza, na la watu baadaye. Na mtu akiuliza kijiji kina makanisa mangapi, huhesabiwa misalaba iliyo juu ya mapaa. Lugha yenyewe ingemtaka ahesabu mikusanyiko.

Miji mikubwa nayo imejifunza jambo hili kwa gharama. Moto wa London wa mwaka 1666 uliteketeza makanisa zaidi ya 80, na wakuu wa mji, badala ya kuyarudisha yote, walijenga 51. Hata hayo yakaja kuwa mengi, kwa sababu wakazi waliuacha mji wa kati kwa wenye biashara wakaenda kulala pembeni, na mwaka 1860 ikatungwa sheria ya kuunganisha mitaa ya kanisa na kuyabomoa majengo yasiyo na watu. Karibu zaidi, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Makao ya serikali ya Kijerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891 na biashara ikayafuata; lakini kanisa kubwa la Bagamoyo lilijengwa baada ya hapo, likamalizika mwaka 1914. Mawe huja nyuma ya watu, na aghalabu hufika watu wakiwa wameanza kuondoka.

Yumkini msomaji atasema kwamba dawa ni kuwa na makanisa mengi madogo, na kwamba bonde la Kilombero limekwisha kuipata dawa hiyo bila ya kuiomba. Ni kweli kwamba Ifakara ya leo ina makanisa ya Kikatoliki na ya Kilutheri, na ya Kipentekoste ya namna nyingi, mengine ya saruji na mengine ya turubai na miti minne. Baadhi yalizaliwa na umbali, na hayo yana haki. Mengine yalizaliwa na ugomvi wa wazee wawili juu ya kisanduku cha sadaka. Kijiji chaweza kuwa na mapaa saba ya ibada, na mjane akafa bila ya mtu kuuliza, ikiwa kila paa linadhani kwamba yu chini ya paa jingine. Wingi wa namna hiyo huongeza nafasi za mtu kupotea.

Watu wa elimu nyingine walikuwa wamewatangulia watu wa dini katika jambo hili. Maabara iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na taasisi ya Basel ya magonjwa ya nchi za joto ilikua ikawa taasisi ya utafiti wa afya, na watafiti wake wa malaria waliwafuata wakulima mpaka mashambani mwao, wakijua kwamba chandarua kilichotundikwa katika nyumba ya kijijini hakimlindi mtu aliyelala dunguni. Kanisa nalo lilikuwa na chombo cha namna hiyo mkononi. Maaskofu Katoliki wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976 mjini Nairobi, walikuwa wameazimia kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi wa maisha ya kanisa. Lakini jumuiya za kigango cha Mwalimu zilikuwa zimepangwa kwa mitaa ya kijiji, jirani na jirani wa nyumba za kiangazi. Mvua ziliponyesha jumuiya ziliyeyuka, kila jamaa na shamba lake, na majirani wa dunguni walikuwa watu wa mitaa mingine.

Mkutano wa halmashauri ulipofanyika baada ya mavuno, Mwalimu aliomba nafasi ya kusema. Alifungua daftari jeusi, akasoma jina la marehemu, kisha akanyamaza kitambo. Halafu akatoa shauri lake. Kanisa lisirefushwe, bali paa lake litengenezwe lidumu. Lisifungwe, kwa kuwa wagonjwa na wazee wa Februari hawana kwingine, na kwa kuwa makaburi yana watu wake. Wakristo waandikwe mara mbili, mara moja kwa nyumba na mara moja kwa dungu. Kila sehemu ya mashamba iwe na mkutano wake, na mtu mmoja wa kushika majina, ambaye kazi yake ya kwanza itakuwa kutafuta asiyekuja.

Shauri hilo halikupokelewa kwa furaha. Mwalimu wa shule alikumbusha kwamba kwa sheria ya kanisa hapajengwi kanisa pasipo idhini ya askofu iliyoandikwa. Padre akamjibu kwamba dungu la kusalia halihitaji kuitwa kanisa ili watu waombe ndani yake. Mwenye magunia mengi aliona haya. “Wenzetu wamejenga kwa saruji na vioo,” akasema, “na sisi, Baba, twende kusali juu ya fito kama waamia ndege?”

“Ndiyo, mwanangu,” alijibu yule bibi kizee kabla ya padre kufungua kinywa. “Maana ndivyo tulivyo. Mimi nilitaka kanisa lisitoke penye makaburi yangu, na nimepewa. Lakini yule mzee kaburi lake liko juu ya kichuguu, na mwakani maji yatalichukua. Nani wetu atapajua pale?”

Vijana wa relini hawakuridhika. Waliahidiwa kwamba zamu yao itafika, na ahadi ni chakula chepesi. Jamaa nne zilihama zikaenda kusali na walokole waliokuwa na nyumba ya ibada hatua chache kutoka stesheni. Mwalimu hakuyafuta majina yao. Mmoja wao alipougua, alikwenda kumtazama, akamkuta mchungaji wa walokole ameketi kando ya kitanda. Wakasalimiana, na mmoja akampisha mwenziwe kiti. Hasara hiyo ilikuwa hasara ya kweli, wala hakuna aliyejisifu kwamba haikuwako.

Fedha ya magunia ilinunua bati ishirini za paa, na iliyobaki ikanunua misumari na kamba za madungu matatu makubwa. Katika kila moja kilitundikwa kipande cha reli cha kupigwa badala ya kengele. Makanisa ya kigango kile yalikuwa sasa ni moja kwa mwenye kuhesabu mapaa ya bati, manne kwa mwenye kuhesabu masika, na mawili kwa mwenye kuwasikiliza vijana wa relini. Namba hizo zote zaweza kutetewa. Iliyokuwa na maana kwa Mwalimu ilikuwa nyingine, nayo ni idadi ya watu ambao wangeweza kukosekana bila ya kuulizwa. Makanisa yaliyoifanya idadi hiyo kuwa sifuri yalikuwa ya kutosha, hata kama yangekuwa ya nyasi. Na yasiyoweza kuifanya hivyo yalikuwa machache, hata kama yangekuwa mia.

Februari ilirudi. Kijijini, katika kanisa lenye paa jipya, waliketi watu kumi na wawili. Mbugani kipande cha reli kiligongwa asubuhi, na mitumbwi ikaja kutoka pande zote baina ya mabua ya mpunga. Mwenye kushika majina, mama wa makamo mwenye mtoto mgongoni, aliyasoma mmoja mmoja baada ya ibada. Jina moja halikuitikiwa. Akalisoma mara ya pili, akatazama upande wa kijito ambako hapakuwa na moshi. Kijana mmoja akainuka bila ya kuambiwa, akachukua pondo lake, akashuka ngazi.